Kwa walimu wa ajira mpya: kadi ya benki haikai kwa mtu

Wiki hii ofisini nimewasikia ajira mpya wakiulizana nani anakopesha haraka. Wadogo zangu, jamani, tena?

1. Fedha ya kujikimu ikichelewa, andika barua kupitia kwa mkuu wa shule na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

2. Anza na chumba kimoja. Sofa zitakukuta.

3. Kadi. Hapa nivumilieni. Niliporipoti kituoni, cheki namba, ile namba ya mtumishi ya kulipiwa mshahara, ilichelewa na dukani nikawa naandikwa daftarini. Akatokea mkopeshaji, mpole kweli, ananiita "mwalimu wangu". Akanipa laki tatu, akaondoka na kadi yangu pamoja na namba ya siri. Mshahara ulipoingia alinitangulia kwenye mashine, akakata chake na riba. Kilichobaki hakikufika katikati ya mwezi, nikarudi kwake. Mikopo ya namna hii, tunayoiita kausha damu, inamaliza watu hivyo: riba ni kubwa, lakini kibaya zaidi ni kwamba kila mwezi unakula mshahara wa mwezi ujao. Mama akaugua nikiwa humo humo. Nauli ya kwenda kumwona nilimwomba mlinzi wa shule, mtu mwenye watoto wanne na ujira mdogo kuliko wangu. Alinipa bila kuuliza. Nililia ndani ya basi. Nilijinasua pale nilipokwenda benki kufunga kadi ile, nikapewa nyingine, kisha nikakaa na mkopeshaji mbele ya mwenyekiti wa kijiji tukaandikiana nitakavyomlipa kidogo kidogo. Alifoka, akasaini. Kama na wewe umeshatoa kadi, njoo tuongozane benki, usione haya.

4. Ukilazimika kukopa, nenda SACCOS (chama cha akiba na mikopo), au kwa mkopeshaji mwenye leseni ya Benki Kuu, na mkataba usome wote.

5. Piga hesabu kabla ya kuahidi watu nyumbani. Kwenye mshahara wa msingi wa 700,000, HESLB (deni la mkopo wa chuo) asilimia 15 ni 105,000, PSSSF (mfuko wa pensheni) 35,000, NHIF (bima ya afya) 21,000, na CWT (chama cha walimu) 14,000 kama ni mwanachama. Hiyo ni 175,000, na kodi ya mapato bado. Mwambieni mama ukweli huo mapema. Wazazi wanaelewa kuliko tunavyodhani.

6. Salary slip isome kila mwezi. Deni la HESLB likiisha, fuatilia makato yasimamishwe.