Kwa mdogo wangu wa Buhongwa anayeuliza kama yeye ni msanii kweli

Mdogo wangu, nimeusoma uzi wako wote hapa jukwaani. Umemaliza chuo, umerudi kwa wazazi, unachora sura za watu kwa penseli na kuziweka Instagram, laiki zinatoka kwa binamu zako na watu uliosoma nao. Shangazi kakuuliza mbele ya wageni, "Na kazi unatafuta lini?" Mteja wa picha ya harusi kasema elfu hamsini ni nyingi, "si unachora tu". Mwisho unauliza: nitajuaje kama mimi ni msanii kweli, au najidanganya niachane nayo?

Waliotangulia hapa juu wamekujaza hamasa za kutosha, jiamini, usikate tamaa, nyota yako itang'aa. Mimi hamasa sina. Nina rangi kwenye kucha, basi nikueleze tunavyoishi huku.

Naandika majina na kuchora mapambo kwenye mitumbwi ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, Kirumba Mwaloni, Igombe, mara nyingine navuka na kivuko cha Kamanga nikiitwa upande wa Sengerema. Zamani tulikuwa na mabango ya vinyozi na mama lishe pia, fleksi, yale mabango ya plastiki ya kuchapwa kwa mashine, ikaja ikayamaliza. Simlaumu mwenye duka. Fleksi inatoka siku hiyohiyo na ni rahisi, hata kama jua letu linaipausha upesi. Mtumbwi bado unataka brashi.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo jibu langu kwako. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Enzi hizo zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola na betri, lakini kazi ni ileile: dagaa wanaufuata mwanga, wanakusanyika, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima linang'aa, taa inakosa nguvu, wavuvi wanavuta mitumbwi nchi kavu. Hapo ndipo fundi anaziba nyufa, tajiri naye anaona jina la chombo chake limefutika, ananipigia. Giza likirudi mitumbwi inaingia majini na simu yangu inanyamaza. Sijafanya lolote baya, na kipaji hakijanihama. Ni giza tu, watu wako kazini.

Pale mwaloni yuko fundi mitumbwi mmoja, mtu mzima. Siku za giza anakaa kijiweni anacheza drafti na kutukana mpira. Hata siku moja sijamsikia akijiuliza kama yeye ni fundi kweli kwa kuwa wiki hii hajaitwa. Anajua mbao za watu ziko majini na zitapasuka, watarudi. Sisi wa kuchora ndio tumefundishwa kwamba kazi yetu inatoka rohoni, kwa hiyo mteja asipokuja tunaona roho yenyewe ndiyo tupu. Ubaya wa kusifiwa mapema shuleni huo, lakini tuyaache.

Nawe una mwezi wako, utafute. Picha za sura zinakwenda na harusi, kipaimara, mahafali. Kwaresima na Ramadhani harusi zinapungua sana. Januari mzazi anawaza ada na madaftari, hana hata shilingi ya kukupa, na hapo ndipo wewe unalala kitandani unajiona hufai! Ndugu zetu wa vijijini Usukumani wanashika hela pamba ikianza kununuliwa, kuanzia Mei hivi. Andika kwenye daftari kila oda ilikuja lini na kwa shughuli gani. Ukizunguka mwaka mmoja, ukimya utakuwa na sababu unayoijua.

Kuhusu kujua kama ni msanii kweli, juzi nilikuwa Igombe naandika WIVU WA NINI kwenye mtumbwi wa dagaa. Ubao wa mbele unapinda huku unapanda juu. Ukiandika herufi za kimo kimoja, ukiwa umechuchumaa hapo zinapendeza, ukirudi nyuma hatua chache unakuta neno zima linaporomokea mkiani. Kwa hiyo unapiga mistari kwa uzi uliopakwa chaki, unaufuatisha mpindo wa ubao, herufi za mbele unazirefusha kidogo, miguu ya W unaipanua. Halafu unaomba wadudu wa ziwani wasije, wale wanaopanda kutoka majini kama moshi. Wakitua kwenye rangi mbichi usiwaguse, utachafua zaidi. Acha rangi ikauke nao, pitisha msasa, rudia. Nilimaliza jua linazama, baharia mmoja akasimama mbali kule kwenye mawe akalisoma jina kwa sauti, akacheka. Muda wote ule swali lako halikupita kichwani mwangu. Huwa linanijia nikiwa nimelala na simu mkononi.

Na hizo laiki usizidharau, ila usizipe cheo zisichokuwa nacho. Umewahi kwenda Bujora, pale Kisesa, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, mwezi wa sita? Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yenye upinzani wa jadi, wanacheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake wa uwanja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Ni laiki zilezile, ila hizi zina miguu. Ndiyo maana utaona mtu anaingia uwanjani na chatu. Kundi lililoachwa na watu linarudi nyumbani kulima, na likija tena linakuja na kituko kingine. Hakuna anayewaambia wao si wachezaji. Halafu wale angalau watu waliwaona wakachagua kuondoka. Picha yako ya Instagram wengi hawakuonyeshwa kabisa. Utasemaje wameikataa?

Ukitaka mtu mwenye mamlaka akujibu, sheria imeshajibu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi yako kwa kuwa tu umeiunda, bila kuuliza ubora wake wala ulikusudia nini, na inaendelea kuilinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kuzikwa. Picha ya shangazi uliyoichora nyuma ya daftari nayo imo. Kujisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ni jambo jingine. Kajisajili, maana taasisi zinazotoa kazi za maana zinataka karatasi, lakini usitegemee cheti kikuondolee wasiwasi.

Kuna mchangiaji kasema hapo juu kwamba kazi za mitumbwi na mabango si sanaa, ni "vibarua vya rangi". Mkuu, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, kwenye vipande vya ubao wa kujengea. Akafariki mwaka 1972. Alichora miaka michache tu, na jina lake mpaka leo ndilo jina la mtindo mzima wa uchoraji. Hiyo rangi ni ndugu wa damu na iliyo kwenye kopo langu. Tuendelee.

Shangazi yako mjibu kwa heshima na usimchukie. Anachouliza ni unga na umeme, hajauliza lolote kuhusu kipaji. Ukilipwa oda, kabla ya kununua penseli za bei mbaya, nunua LUKU ya nyumba. Mwezi ujao nunua tena. Utashangaa maswali yanavyopungua.

Na yule mteja wa elfu hamsini hajakutukana. Matajiri wa mitumbwi wananiambia hivyohivyo, "si unaandika tu". Fundi wanamwambia si unapigilia misumari tu. Fundi injini, si unafunga nati tu. Anayeponea ni muuza petroli, kwa sababu pale bei imeandikwa kwenye pampu na hakuna wa kumbembeleza. Kwa hiyo leo jioni kaa uandike bei zako kwenye karatasi moja, sura ya mtu mmoja, ya watu wawili, yenye fremu na isiyo na fremu, uipige picha. Kesho mtumie yule mteja hiyo picha bila maelezo marefu, umwambie unaanza akilipa nusu. Akisema ana elfu thelathini, mwonyeshe kwenye karatasi kinachopatikana kwa elfu thelathini: sura moja, bila fremu, na bibi harusi aamue nani anachorwa.