Siku niliyoacha kumwita binti yangu kichwa maji

Mwaka jana nilimtuma binti yangu dukani. Alikuwa na miaka sita, na duka lenyewe unaliona ukisimama kwenye mlango wetu hapa Kibokoni, Mombasa. Vitu vitano tu: unga wa ngano, hamira, iliki, sukari, maziwa. Akarudi na maziwa, na mabuyu ambayo sikumtuma. Nikamtolea lile neno nililotolewa mimi nikiwa mdogo: "Kichwa maji wewe!"

Hakulia. Alikaa kwenye ngazi, akafungua mabuyu yake, kisha akaniuliza, "Mama, maneno yakishaingia kichwani huenda wapi?"

Mimi ni mwalimu wa chekechea, mwaka wa tisa huu, kwa hivyo aibu yangu ilikuwa mara mbili. Chuoni tulisomeshwa habari za Mmarekani John Flavell, aliyechunguza namna watoto wanavyofikiri juu ya kufikiri kwao wenyewe. Nilifanya mtihani, nikapita, nikasahau. (Ndiyo, nilisahau somo la kusahau.) Nikayarudia madaftari yangu usiku ule.

Jambo moja lilinikaa. Mwaka 1970 Flavell na wenzake waliwaonyesha watoto picha, wakawauliza kabla ya kuanza: mtakumbuka ngapi? Wengi wa wadogo wa chekechea walisema zote kumi. Wakubwa kidogo walikisia karibu na ukweli. Yaani mtoto mdogo, pamoja na kuwa husahau, hajui hata kwamba atasahau. Ukimtuma vitu vitano anaondoka mbio kwa sababu kwake yeye vimeshakaa kichwani, kazi imekwisha.

Basi nikatoa sinia. Nikapanga ndimu, kijiko, kitana, penseli, ufunguo, kifungo, betri, chetezo kidogo, kifuniko cha chupa na shilingi ishirini. "Utakumbuka vingapi?" Binti: "Vyote!" Kaka yake wa miaka minne naye: "Vyote!" Nikafunika kwa leso. Binti akataja sita. Mdogo akataja vitatu, kimoja hakikuwamo kabisa. Nikauliza tena, duru ya pili mtakumbuka vingapi? Binti akafikiri, akasema saba. Mdogo, bila haya, "Vyote!"

Sikucheka mbele yake. Wa miaka minne mwache acheze tu, msihesabiane. Wa miaka sita ndiye niliyeona kitu kinafunguka. Tulicheza kila Jumamosi, na jumamosi ya tatu nikamuuliza kabla ya kufunika, "Vipi vinaelewana?" Akasogeza ndimu karibu na kijiko: vya jikoni. Kitana na kifungo: vya kuvaa na kujipamba. Betri aliiweka na ufunguo kwa sababu anazozijua yeye, sikumpinga. Siku hiyo alitaja tisa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona mazingaombwe na kugundua kwamba mchawi ni yeye.

Kupanga kwa mafungu ndiyo siri kubwa. Mwaka 1956 mwanasaikolojia Mmarekani George Miller aliandika kwamba mtu mzima hushika vitu kama saba kwa mara moja, ongeza viwili au punguza viwili, na kwamba hila ni kuvifunga vingi viwe kitu kimoja. Nenda kaitumie kwenye namba yako ya simu. Tarakimu kumi ni mzigo kwa mtoto, lakini mafungu matatu yenye mdundo ni wimbo. Binti yangu aliishika yangu kwa siku mbili, tukiiimba njiani kuelekea Marikiti. Kama hujamfundisha mwanao namba yako, acha kusoma hapa uende ukamfundishe. Umati wa pale haumngoji mtoto.

Kisha kuna chuo, namaanisha cha Qur'ani. Watu husema watoto wa chuo wanakariri tu, hawafikiri. Mimi naona maalimu wetu walijua mengi kuhusu kumbukumbu. Jaribu hivi: mwambie mtoto asome Suratul-Fiil, ataiteremsha kama maji. Mwambie aanzie aya ya pili, "alam yaj'al". Atakwama, atarudi mwanzo kimyakimya, midomo ikitembea, kisha atafika. Nilimwonyesha binti yangu jambo hili kwake mwenyewe: "Umeona? Kila aya inaivuta mwenzake, kama watoto walioshikana mikono." Akakaa siku nzima akijijaribu, anaanzia katikati, anaanzia mwisho. Hiyo ndiyo tofauti ninayoitaka: mtoto anayejua anavyokumbuka.

Na kudurusu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu cha mwaka 1885, alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akaona sehemu kubwa hupotea mapema, ndani ya saa za mwanzo, kisha upotevu unapungua kasi. Ndiyo maana kumsomesha mtoto saa mbili Jumapili usiku ni kumchosha bure. Muulize kidogo jioni, kidogo kesho asubuhi akinywa chai, kidogo tena Ijumaa. Na umuulize, usimsomee tena. Kitabu kifungwe. Ule ugumu wa kutafuta jibu kichwani ndio unaolikaza. Halafu alale mapema, kwa sababu usingizini ubongo unaendelea kuyahifadhi ya mchana. Hili nalo nilimwambia, naye sasa anadai kulala ni kudurusu, kwa hivyo asisumbuliwe.

Kumfundisha kwamba watu wanafikiri ni kazi nyingine. Babu yake hukaa barazani kila alasiri na tasbihi yake. Nikamuuliza yule mdogo, "Babu anafikiri nini?" Akanijibu, "Hafikiri, amekaa tu." Watoto wa umri wake huona hivyo: mtu akinyamaza, kichwa nacho kimezimwa. Dawa yake ni kufikiri kwa sauti mbele yao. Mimi husema, "Nimetoka jikoni kufuata nini hapa? Ngoja nirudi nilipokuwa nimesimama." Hurudi, hukumbuka, nao hucheka. Siku niliyounguza pilau nilisema pia, "Niliamini pua yangu ingeniambia, na pua ina mafua." Wakajua mtu mzima naye hupanga, hukosea, hupanga upya. Babu mwenyewe, alipoulizwa, alisema alikuwa akijaribu kukumbuka jina la nahodha mmoja wa jahazi. Mdogo akamtazama kama aliyemwona akitembea juu ya maji.

La mwisho ni ngamia. Binti yangu aliapa kwamba alipanda ngamia ufukweni pale Pirates. Hakupanda, aliyepanda ni binamu yake, akatusimulia tukiwa mezani. Wakati mmoja mwalimu wake, sitamtaja, alimpa adhabu kwa "uongo" wa namna hiyo, na mimi nilikaa kimya, jambo linaloniuma mpaka leo. Mwingereza Frederic Bartlett alieleza mwaka 1932 kwamba kukumbuka si kutoa picha kabatini, ni kujenga upya, na fundi huziba nyufa kwa alichonacho mkononi. Kwa hivyo mara ile ya ngamia sikusema "muongo". Niliuliza, "Ngamia alikuwa na harufu gani? Nani alikupandisha?" Alifunga macho, akatafuta. Baada ya muda akasema, polepole, "Harufu sina. Nafikiri ni ya Binamu."

Jana nilimtuma vitu sita. Alisimama mlangoni, akahesabu kwa vidole, akanigeukia. "Vinne nitavishika, Mama. Hivyo viwili niandikie." Nikaandika nyuma ya risiti ya stima. Akarudi na vyote sita, na mabuyu.