Jibu: Kilele kinahama asubuhi kwenye kipima gesi cha ayoni

Salaam mkuu. Umesema kipima gesi chako, kile kinachotambua gesi kwa mwendo wa ayoni (chembe zenye chaji ya umeme), hapo Tanga kilele cha grafu kinasogea kulia, yaani ayoni zinachelewa, kila asubuhi, ingawa hewa ni ileile. Kabla hujagusa programu, angalia kikaushio cha hewa inayoingia kwenye kipima. Unyevu wa pwani si mchezo: maji yanaigandama ayoni, inanenepa, inachelewa kufika kwenye kipokezi.

Punje za kukaushia (zile za zeolaiti) zioke usiku kucha, nyuzi 250 hivi, zipoe ndani ya chupa iliyofungwa, siyo mezani! Kisha pitisha hewa kavu mpaka kilele kitulie.

Kikihama bado, linganisha joto la bomba zinamopita ayoni na kanieneo ya hewa, asubuhi na mchana. Modeli yako sijaishika, lakini kama ina nikeli-63 (chanzo cha mionzi kinachotengeneza ayoni), chumba cha mionzi usikifungue kabisa.