Trekta la zamani likigoma kunyanyua plau, usikimbilie kununua pampu

Vijana mnaoanza kazi kwenye gereji za matrekta, kuna maneno mtayasikia kila msimu wa kulima unapokaribia: "Fundi, pampu ya haidroliki imekufa." Dereva anasema hivyo, mwenye trekta anarudia, na tingo naye anaitikia kwa kichwa. Mara nyingi wote watatu wanabahatisha. Pampu hiyo, inayosukuma oili kwa presha ili plau inyanyuke, ni ghali, na kuifikia ni shughuli. Kabla hujamwambia mtu atoe hela, lazima uweze kumjibu swali moja: oili inapotelea wapi?

Nitazungumzia Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kutoka kiwandani mwaka 1964 na ambalo bado linalima. Ukilielewa hili, ndugu zake wengi wa zamani wa Massey hawatakusumbua. Matrekta mengine mengi yana pampu ya gia inayoonekana kwa nje, inasukuma oili muda wote injini inapowaka. Hapa ni tofauti. Pampu iko katikati ya mwili wa trekta, chini ya kiti, imezama ndani ya oili ileile ya gia na difu. Ina pistoni nne, na inazungushwa na shafti ya PTO, yaani ile inayopeleka nguvu ya injini nyuma kuendesha zana. Halafu, jambo ambalo wengi hawalijui, vali inayoiongoza iko upande wa kunyonya. Vali ikifunga, pampu inazunguka bila kuvuta chochote. Kwa hiyo pampu nzima kabisa inaweza kuonekana maiti kwa sababu tu vali imeganda.

Sasa usiguse spana kwanza. Panda kwenye kiti.

Tazama leva ya PTO, iko kushoto, chini karibu na mguu. Ina nafasi tatu: kuzungushwa na injini, huru, na kuzungushwa kwa mwendo wa magurudumu. Ikiwa huru, pampu haizunguki, na mikono ya nyuma inayobeba plau haitanyanyuka hata upige resi mpaka moshi uwe mweusi. Ikiwa kwenye nafasi ya magurudumu, utaambiwa habari ya ajabu: "Linanyanyua likitembea tu, likisimama linakataa." Hapo hakuna ubovu wowote. Rudisha leva kwenye nafasi ya injini, uhakikishe kipande cha shafti kinachotokeza nyuma kinazunguka. Kikizunguka kwa nguvu ya injini, pampu nayo inazunguka.

Matoleo yenye klachi ya hatua mbili nayo yana mtego wake. Ukikanyaga pedali nusu, trekta linasimama lakini PTO inaendelea. Ukikanyaga mpaka mwisho, PTO inasimama na haidroliki inasimama nayo. Dereva aliyezoea trekta jingine anakanyaga mpaka chini huku akivuta leva ya kunyanyulia, halafu analaumu pampu. Kisha angalia zile leva mbili za haidroliki zilizo kulia kwa kiti. Moja ni ya kina cha kulima kulingana na uzito wa udongo, nyingine ni ya kimo. Ukitaka kupima kwa leva ya kimo, ile ya kwanza ipandishe kabisa juu, la sivyo zitakuchanganya.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye oili. Egesha trekta mahali tambarare, mikono ikiwa chini, na kama kuna tela la kutipa lililounganishwa, nalo liwe limeshushwa, maana oili iliyoko kwenye silinda ya tela imetoka humohumo. Mfumo mzima unachukua karibu lita 30. Chomoa kijiti cha kupimia na usiangalie kimo peke yake. Pakaza tone kati ya vidole. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji, na trekta linalolala nje hunyweshwa mvua kupitia mpira wa leva ya gia uliopasuka. Maji hayo ndiyo yanayoigandisha kwa kutu vali niliyoisema. Ukikuta oili nzito ya difu, SAE 90 au 140, umeshapata sababu nusu: pampu inashindwa kuinyonya, hasa asubuhi kukiwa na baridi. Weka oili ya trekta iliyotengenezwa kwa gia na haidroliki kwa pamoja. Najua bei yake, na najua mwenye trekta atakuuliza kama oili ya injini iliyotumika haifai. Haifai.

Ukimwaga oili, osha na chujio la kunyonyea. Mafundi wengi hubadilisha oili na kuliacha chujio na matope yake, kisha wanashangaa.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote hakihitaji kifaa. Funga plau, inyanyue mpaka juu, zima injini, na usimame pembeni utazame. Usisimame nyuma yake, na mtu asipite chini. Ikibaki juu kwa muda mrefu bila kusogea, njia ya presha iko salama. Ikishuka palepale, oili inavuja mahali fulani kati ya pampu na pistoni ya kunyanyulia: oringi (pete za mpira za kuzibia) za bomba linalopanda kutoka kwenye pampu, sili ya pistoni, silinda iliyopasuka, vali ya usalama inayofunguka presha ikizidi, au upande wa kushushia wa vali ya kuongoza. Kuna dalili ya katikati pia. Injini ikiwaka, plau inashuka kidogo, inapandishwa, inashuka tena, kama mtu mwenye kwikwi. Trekta hilo linavuja, na pampu yake inajitahidi kufidia. Pampu ndiyo mzima hapo!

Muulize dereva na habari ya saa. "Asubuhi linanyanyua, mchana linakataa" maana yake oili ikipata moto inakuwa nyepesi na kupenya kwenye sili zilizochoka au pampu iliyolika. Kama linapandisha kwa kurukaruka, tena polepole, shuku vali ndogo za ndani ya pampu: kipande cha uchafu au springi iliyovunjika inatosha kuua upande mmoja huku mwingine ukifanya kazi.

Ukishajua hivyo, fungua mfuniko wa ubavuni. Shusha plau chini kwanza, punguza oili isikumwagikie, fungua bolti, ung'oe gasketi taratibu. Washa injini iwe ya polepole, vaa miwani, mulika tochi ndani, na mwenzako avute leva huku kukiwa na mzigo. Mikono yako ibaki nje, kuna vyuma vinazunguka mle. Utakachokiona kinaeleza mengi. Kama kuna mchirizi mkali unaruka pale bomba linapoingia kwenye pampu, oringi za chini zimekwisha. Kama oili inanyesha kutoka juu, ni silinda au sili ya pistoni. Kama inatoka kwa kishindo kwenye vali ya usalama kabla plau haijainuka, vali hiyo ni dhaifu, au mzigo ni wa trekta kubwa zaidi. Na kama kumetulia kabisa, hakuna hata tone, angalia vali ya kuongoza kama inasogea leva inapovutwa. Ikiwa imekwama, umeokoa pampu ya watu.

Mwenye geji ya haidroliki ya kufika psi 5,000 (psi ni kipimo cha presha) aifunge kwenye plagi ya mfuniko wa juu. Trekta hili likiwa halina ubovu hufika kati ya psi 2,500 na 3,000 kulingana na toleo. Mshale ukipanda kadiri unavyoongeza resi, kuna uvujaji au pampu imelika. Ukigonga namba ndogo na kubaki hapohapo hata ufanyeje, ichunguze vali ya usalama. Usiikaze kienyeji ili kupata nguvu zaidi; utapasua silinda.

Kwa matrekta yenye mipira ya nje, usitafute tundu kwa kidole. Oili ya presha kubwa hutoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama, na jeraha linaonekana dogo tu kama la sindano. Pitisha kipande cha boksi. Ikitokea mtu amepigwa, mpeleke hospitali saa hiyohiyo na umweleze daktari kuwa ni oili iliyoingia kwa presha.

Ukilazimika kuvua mfuniko wa juu, badilisha oringi zote, hata ile inayoonekana nzuri. Oringi za kukatwa kwenye tyubu za baiskeli zinavimba kwenye oili na kukurudisha kazini wiki ijayo. Wakati wa kurudisha, kuna kosa linalofanana kila gereji: ule mkono mrefu unaoning'inia kutoka kwenye mfuniko lazima uingie kati ya roli za leva ya vali ya pampu. Ukikaa nje ya roli, utafunga bolti zote, utajaza oili, na trekta halitanyanyua kabisa, au litanyanyua lisikubali kushuka. Mulika kupitia ubavuni na uone kwa macho kabla ya kukaza.

Jaza oili, washa, pandisha na kushusha mikono mitupu mara kadhaa ili hewa itoke, zima, pima oili tena na uongeze. Ndipo ufunge plau. Mwambie dereva arudi akishalima siku ya kwanza, ufungue chujio uone kilichonaswa: unga mweusi mwembamba ni wa kawaida, vipande vinavyong'aa ndivyo vya kumwita mwenye trekta.