Fildi sio ya kusainiwa logbuku tu, jamani

Kama uko chuo na msimu wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, unakaribia, naomba sana usikimbilie ofisi yenye AC ambako utashinda unatoa fotokopi. Nenda mahali utakaposhika kitu kwa mkono na mtu atakubishia.

Mimi fildi nilifanyia Mlingotini, hapa Bagamoyo, kwenye mwani. Darasani tulishasoma kwamba mwani aina ya cottonii, ule wenye bei nzuri, hufa maji yakipata joto na spinosum ndo mvumilivu, tukakariri hivyo hivyo. Sasa tuko baharini na wakina mama wanafunga mbegu kwenye kamba kwa vikamba vidogo, mwenzetu akamsomea mama mmoja mtu mzima wastani wa joto la maji kutoka ripoti ya zamani, yule mama hata hakuinua kichwa, akauliza, "Walipima saa ngapi hao, wanangu? Bamvua au maji mafu?" Tukapekua ripoti, haikusema.

Na swali lile zito kweli, maana huku kwetu wakati wa bamvua, zile siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa sana mida ya saa nne, saa tano asubuhi, jua limeshakuwa kali, mwani unabaki kwenye maji ya kifundoni yaliyopata moto, ila maji mafu, zile siku bahari haipwi sana, unakuwa umefunikwa. Kwahiyo wastani mmoja unaficha zile saa chache zinazoumiza mwani. Tukaanza kupima upya, tunaandika saa, kina, upepo, hata mvua, maana mvua kubwa nayo inapunguza chumvi na mwani hautaki hiyo. Tangu hapo kila jedwali nalihoji, nani alipima, lini, na kipi hakikuandikwa?

Wengi wanasema fildi inakupa uzoefu wa kazi, sawa, lakini mimi naona kubwa zaidi ni kwamba ukikosea huku mbegu inaoza na mtu anakosa ada ya mtoto, so lazima ufikiri.

Ila kushika tu hakutoshi. David Kolb, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alilieleza hili mwaka 1984, kwamba ukishafanya kitu inabidi ukitafakari, upate wazo, halafu ukalijaribu tena. Kwahiyo kila jioni andika ulitegemea nini, umeona nini, na kwanini vimepishana.

Na nyie walimu wetu mkija kukagua, tafadhali msiishie kwenye sahihi na muhuri, muulizeni mwanafunzi ni kitu gani cha darasani amekikuta sivyo na amejuaje. Asiye na jibu mrudisheni shambani.