Maswali ya wasomaji: Bawa la refleksi na hewa nyepesi ya Nairobi

Barua nne za mwezi huu zinahusu paramota, yaani parachuti ya kupaa yenye injini ya mgongoni, na zote zinagusa bawa la refleksi. Tunazijibu pamoja kwa sababu jibu la moja linaegemea jingine.

Nina saa 20 angani kwa bawa la kawaida. Muuzaji ananihakikishia kwamba bawa la refleksi halikunjiki hata hewa ikichafuka, tena analoniuzia lina cheti cha EN B. Ninunue?
*Msomaji, Ongata Rongai*

Bawa la kitambaa lisilokunjika bado halijatengenezwa, ndugu yetu. Muuzaji amechukua sifa ya kweli akaipanua kupita kiasi.

Sifa yenyewe ni hii. Ukilitazama bawa la refleksi kwa ubavu, ukingo wake wa nyuma umepinda juu kidogo. Ukifungua trima, ile mikanda ya kwenye raiza za nyuma (raiza ni kanda zinazounganisha kamba za bawa na mkoba unaokaa), sehemu ya nyuma ya bawa inapanda na mpindo ule unaanza kazi: mzigo unahamia mbele, na kamba za A na B, zile safu mbili za mbele, zinabeba sehemu kubwa ya uzito wako. Pua ya bawa ikitaka kuinama, umbo lenyewe linairudisha juu. Ongeza na kasi. Bawa likitoka kilomita 40 kwa saa hadi 60, msukumo wa hewa unakuwa mara 2.25, maana msukumo hupanda kwa mraba wa kasi. Vyumba vya bawa vinakaza kama mpira uliojazwa vizuri.

Sasa geuza hesabu hiyo hiyo. Siku bawa litakapokunjika kwa kasi ya 60, nguvu itakayolikunja na kulizungusha ni hiyo ya mara 2.25. Hukunjika kwa nadra, lakini likikunjika hugeuka kwa ghafla na kula mita nyingi za kimo kuliko bawa la kawaida lililokuwa likienda taratibu. Ndiyo sababu hatukubali neno "salama" litamkwe peke yake kuhusu mabawa haya. Kinga haikai ndani ya kitambaa. Inakuwepo trima zikiwa wazi na breki zikiwa zimeachiwa, na ukifunga trima una bawa la kawaida tu mkononi.

Kuhusu cheti, tafuta kibandiko kilichoshonwa ndani ya bawa, kisha ukilinganishe na kitabu chake. Mabawa mengi ya refleksi yamepewa daraja la EN 926-2, kipimo cha Ulaya cha tabia ya bawa angani, trima zikiwa zimefungwa, kwa hiyo herufi B haikuambii lolote kuhusu tabia ya bawa hilo trima zikifunguliwa. Jaribio humtaka rubani alikunje bawa kwa makusudi, na refleksi inayofanya kazi ni vigumu kuikunja kwa kuvuta raiza za mbele tu. Mengine yana EN 926-1 pekee. Hicho ni kipimo cha uimara, bawa kubeba mara 8 ya uzito wake wa juu bila kupasuka, wala hakigusi tabia yake angani.

Kwa saa 20, nunua bawa la refleksi ambalo mtengenezaji mwenyewe ameandika kwamba linawafaa wanaoanza. Yale ya mashindano yaache. Na ujizoeze kuanzia trima zikiwa zimefungwa, ukizifungua sentimita chache chache, mita 300 au zaidi juu ya ardhi, asubuhi hewa ikiwa imetulia.

Mwenzangu mmoja anasema hewa ikianza kurusha, fungua trima na uachie breki. Mwingine anasema funga trima, ushike breki. Nimfuate nani?
*Msomaji, Kitengela*

Wote wawili wanasema kweli. Anayeumia ni yule anayechukua nusu ya huyu na nusu ya yule.

Trima zikiwa wazi, bawa linajilinda kwa ule ukingo wa nyuma uliopinda juu. Ukivuta breki, unaushusha ukingo huo, yaani unaivunja refleksi kwa mkono wako mwenyewe huku bawa likiwa bado na kasi kubwa na pua yake ikiwa chini. Hapo ndipo bawa hukunjika. Mkono wa rubani aliyezoea bawa la kawaida huvuta breki kabla hajafikiri, na mazoea hayo lazima yavunjwe hewa ikiwa tulivu, maana kwenye misukosuko hakuna nafasi ya kujifunza. Kata kona kwa vile vishikio vidogo vinavyovuta ncha za bawa tu, pamoja na kuegemeza mwili. Breki kuu ziache zikae kwenye sumaku zake.

Trima zikiwa zimefungwa mambo yanageuka. Bawa halina tena kinga ile, hivyo ni wewe unayelilinda kwa breki: bawa likitangulia mbele unalizuia, likibaki nyuma unaliachia. Ukikaa mikono juu hapa, umejiacha bila ulinzi wowote.

Kanyagio la mwendo, lile unalolisukuma kwa miguu ili kuongeza kasi, lina mtego wake. Kwenye mabawa mengi ya refleksi, kitabu kinakataza kulikanyaga trima zikiwa zimefungwa. Kanyagio linavuta mbele ya bawa chini wakati nyuma yake pia iko chini: pua imeinama na refleksi haipo. Fungua trima kwanza, ndipo ukanyage. Ukipunguza mwendo, achia kanyagio kwanza, ndipo ufunge trima.

Bawa likikunjika trima zikiwa wazi, achia kanyagio na gesi mara moja. Injini ikiendelea kuvuta, inaweza kukuzungusha hadi raiza zikasokotana. Egemea upande ulio mzima ili usigeukie mlima au nyaya, na ulipe bawa nafasi lijifungue. Mara nyingi hujifungua lenyewe. Likikataa, vuta breki ya upande uliokunjika kwa nguvu mara moja, kisha uiachie yote. Likianza kuzunguka na ardhi iko karibu, tupa parachuti ya akiba bila kusubiri.

Kwa kutua, funga trima ungali mita 100 juu ya ardhi. Mkono unaohangaika na trima mita 20 juu ya uwanja hauko kwenye breki.

Na kwa wanaotamani kuruka kwenye vilima vya Ngong: upepo wa kawaida pale unatoka mashariki, unapanda kwenye mitambo ya umeme wa upepo, kisha unadondokea upande wa Bonde la Ufa ukijiviringisha. Refleksi haitakuokoa kwenye hewa inayojiviringisha. Usiruke nyuma ya vilima hivyo upepo ukiwa umeshika. Tena anga hili limejaa ndege za viwanja vya Wilson, JKIA na Eastleigh, hivyo pata kwanza kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA.

Nikiruka Diani, hatua chache tu niko hewani. Kwenye nyanda za Kajiado nakimbia hadi magoti yanalegea. Nilifungua trima ili bawa lishike kasi, ikawa mbaya zaidi. Kosa liko wapi?
*Msomaji, Karen*

Kosa la kwanza si lako, ni la kimo. Uwanja wa Wilson uko karibu mita 1,690 juu ya bahari, na nyanda unazozitaja haziko mbali na hapo. Siku yenye nyuzi 25, hewa ya huku ni nyepesi kama ya mita 2,400 hivi kwenye vipimo vya kawaida. Bawa lile lile linahitaji mwendo wa takriban asilimia 12 zaidi ili likubebe. Uliyekuwa ukipaa kwa kilomita 24 kwa saa pwani unadaiwa 27 huku, tena kwa miguu. Na injini isiyo na tabo inapoteza kama moja ya tano ya nguvu: farasi 25 za kwenye karatasi zinabaki 20 hivi.

Kufungua trima kulizidisha deni. Trima wazi zinaongeza kasi ambayo bawa linataka kabla ya kukubeba, na zinalifanya lipande haraka na kukupita kichwani, ukalazimika kulizuia kwa breki. Weka trima pale kitabu kinaposema ni za kupaa, kwa kawaida zimefungwa au karibu na katikati. Lakini trima zikiwa zimefungwa kabisa, usipande kwa gesi yote huku umevuta breki. Injini inakusukuma mbele, bawa linabaki nyuma, na linaweza kustoli, yaani kuacha kukubeba ghafla, ukiwa mita 15 kutoka ardhini.

Ukubwa wa bawa nao una neno. Kwa uzito wa jumla wa kilo 120 (wewe, injini, petroli, bawa na kofia), bawa la mita 24 za mraba linabeba kilo 5 kwa kila mita, na la mita 28 linabeba 4.3. Tofauti hiyo inakupunguzia kasi ya kupaa kwa asilimia 7 hivi, zaidi ya nusu ya deni la kimo. Utapoteza ukakamavu kidogo, maana bawa la refleksi lililobeba mzigo mzuri hukaza zaidi, lakini kwa anayepaa huku bila upepo tungechagua hilo kubwa.

Ruka kati ya saa 12:30 na saa 3 asubuhi. Kabureta nayo: kwenye hewa nyepesi mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi kupita kiasi, injini inakohoa na plagi inakuwa nyeusi. Punguza kwa robo mzunguko, uangalie plagi, na ukumbuke kurudisha kabla ya kwenda pwani, la sivyo utachoma pistoni.

Kwenye bawa la mtumba la saa 150, nikague nini zaidi?
*Msomaji, Thika*

Kamba za nyuma. Kwa kuwa A na B ndizo zinazobeba, kamba za C na D za Dyneema hazivutwi vya kutosha na polepole zinasinyaa. Zikifupika, zinaushusha ukingo wa nyuma, na bawa linapoteza refleksi bila alama yoyote ya nje. Utalijua kwa uvivu wa kupanda na kasi iliyopungua. Pima kila kamba ikiwa imevutwa kwa kilo 5, ulinganishe na jedwali la kitabu. Tofauti ikizidi sentimita 1, mpelekee fundi wa mabawa, asiwe fundi wa turubai.

Kisha trima zenyewe. Chora mstari wa kalamu kwenye mkanda pale unapoingia kwenye kibanio, ruka dakika 20, uangalie. Mstari ukisogea upande mmoja, kibanio kimelika au mkanda umechakaa, na bawa litakuwa likikuvuta kona kwa kasi usiyoichagua. Badilisha mikanda yote miwili kwa pamoja.