Je, Yesu ameniacha kwa kuwa sisikii sauti yake?

Swali: Pasta, mimi ni mama wa watoto wanne, Majengo, Goma. Tangu vita viingie mjini Januari 2025, nikipiga magoti maneno yanakauka. Mtumishi wa chumba kimoja cha maombi anasema sina uhusiano na Yesu, kwa kuwa sisikii sauti yake wala sineni kwa lugha. Anataka nifunge siku tatu bila maji na nitoe mbegu, yaani sadaka, ya dola 50, anifungulie mlango wa kumfikia Yesu. Nina mtoto wa kunyonya.

Jibu: Mama, kula, kunywa, nyonyesha mtoto. Hudaiwi mbegu yoyote.

Akufungulie mlango upi? Yesu alipokata roho, pazia la hekalu, lililozuia watu wasimfikie Mungu, lilipasuka toka juu hata chini. Nani amelishona tena, akamweka huyu hapo kulipisha watu? Simoni wa Samaria alipotaka kununua karama, Petro alimwambia: «Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe.» Huyo alikuwa mnunuzi. Sembuse muuzaji, tena anayemuuzia mama mwenye njaa!

Najua atakusomea Yohana 10:27, «Kondoo wangu waisikia sauti yangu.» Mwambie aendelee kusoma: «nami nawajua, nao wanifuata.» Mchungaji anakujua, hata siku ambayo masikio yako yamejaa milio ya risasi. Na lugha? Mimi naamini karama zote za Roho, lakini Paulo aliwauliza Wakorintho, «wote wanena kwa lugha?», na jibu lake ni hapana.

Ukavu wako si dhambi, mama. Soma Zaburi ya 88. Mwimbaji analia mchana na usiku, na wimbo unaishia gizani, bila faraja hata moja. Bado anamwita Bwana «Mungu wa wokovu wangu». Yesu naye alisema «kaeni ndani yangu», na tawi halipigi kelele ili likae kwenye mzabibu.

Kwa hiyo usitafute maneno mengi. Ukibeba bidoni kwenda ziwani asubuhi, sema tu ile ya Zaburi 13, «Ee Bwana, hata lini?» Jioni wasomee watoto kisa kimoja cha Marko kwa sauti, kisha mwambie Yesu jambo moja la siku hiyo, hata kama ni hasira. Ukilala katikati ya sala, umelala kwake.

Kwa huyo mtumishi usirudi. Kama amekwisha kupokea kitu kwako, hata franka chache, nenda na mama mmoja mtu mzima wa kanisa lenu mkamweleze mzee wa kanisa wiki hii.